Simu ya Ijara

Msafiri aiachaye barabara kuu pale Mikumi na kushika njia ya kusini iendayo Kidodi, Kidatu na Ifakara, huku akiipa kisogo hifadhi ya wanyama iliyotangazwa mwaka 1964, huingia kidogo kidogo katika nchi ya miwa, na akishaingia hutambua kwamba huko muwa ni zao na ni kalenda pia, kwa kuwa harusi, ada za shule, madeni ya dukani na hata ugomvi wa mipaka hungoja msimu wa kuvuna. Ruhembe ni kata ya nchi hiyo, upande wa Kilosa, kaskazini ya Mto Ruaha Mkuu unaozitenga wilaya mbili, chini ya milima ya Wavidunda. Na msimu ule ufikapo, mashamba yanapotiwa moto ili majani yaungue na mabua yabaki, masizi mepesi hushuka juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya maji yasiyofunikwa, na juu ya kila chombo kilicho karibu na dirisha. Miongoni mwa vyombo hivyo, katika sebule za wastaafu wa kiwanda na za wale ambao watoto wao wamefanikiwa mjini, kuna kimoja ambacho kwa muda mrefu kimenishughulisha fikira: simu ya mezani isiyounganishwa na waya wowote, iliyowekwa juu ya kitambaa cha kufuma, ambayo hufutwa masizi kila asubuhi na haitarajiwi na mtu yeyote kulia.

Aghalabu walioiweka hawakupata kuwa nayo ilipokuwa hai. Mwaka 2001, kabla simu za mkononi hazijatapakaa, laini zote za mezani za Tanzania nzima hazikufika laki mbili, ilhali sensa ya mwaka uliofuata ilihesabu watu milioni 34 na ushei. Na katika vijiji vya miwa watu walivuka kutoka kwenye barua na salamu za redioni hadi kwenye simu ya mkononi bila kupitia ile ya mezani. Ya mezani waliijua kwa mbali, ikiwa upande wa pili wa meza, mkononi mwa karani, meneja, stesheni masta au posta masta. Na aliyekwenda kuomba kazi, likizo au haki yake alijifunza kunyamaza kila ilipolia, kwa maana haja yake ilikatizwa na mtu asiyeonekana ambaye, kwa dalili zote, alikuwa mkubwa kuliko huyo mkubwa aliyeketi mbele yake. Kuiweka sebuleni leo ni kuuhamishia nyumbani upande ule wa meza. Sitaki kulicheka jambo hili. Watu wa Pwani walipanga sahani za Kichina katika vidaka vya kuta zao bila ya kula kitu ndani yake, na wala hakuna aliyewahi kuwashutumu kwamba sahani zimekosa wali.

Lakini pambo likishapata heshima huzaa swali la thamani, na swali la thamani huzaa swali la nasaba: simu hii ni ya kweli au ya kuigiza, ilitengenezwa wapi na lini, ilimfikiaje huyu aliye nayo, na siku atakapotokea mnunuzi kutoka Dar es Salaam akiwa na gari lake na tabasamu lake, mwenye simu aseme nini? Maarifa ya kuyajibu maswali haya si magumu, ila yametawanyika, na mtu wa Ruhembe hana sababu ya kutoyapata.

Tuanze na ile inayong'aa. Simu ya pambo inayopatikana kwa wingi kuliko zote ni ya shaba, au ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, yenye shingo ndefu, mkonga uliolala juu ya pembe mbili mithili ya taji, na miguu iliyopinda kwa madaha. Umbo hilo halikuzushwa na wauza mapambo. Asili yake ya mbali ni simu iliyotolewa mwaka 1892 na kiwanda cha Lars Magnus Ericsson huko Stockholm, Uswidi, ambayo haikuwa na sanduku la kuyaficha matumbo yake, na ikaendelea kutengenezwa kwa miongo kadhaa ikapendwa katika nchi nyingi. Uzuri wake ulikuwa na siri moja ambayo waigaji wameiacha kwa sababu hawakuihitaji: miguu yake ile minne iliyopinda, iliyopakwa rangi nyeusi na kutiwa maua ya dhahabu, ilikuwa ni sumaku za jenereta, na mpigaji alipozungusha mkono wa chuma uliokuwa ubavuni mwake, umeme ulizaliwa baina ya miguu hiyo ukaenda kumwamsha opereta. Basi anayetaka kujua kama simu ya shingo ndefu iliyo mbele yake ni ya enzi ile au ya duka la juzi na aende na msumari mdogo. Akiugusisha mguuni nao ukashikwa, ana jambo la kuchunguza zaidi, na ukianguka, ajue kwamba miguu hiyo haijafanya kazi yoyote tangu izaliwe.

Dalili nyingine za kuigiza hazihitaji hata msumari. Watengenezaji wa Italia, wa Asia ya Mashariki na wa India walimimina simu za namna hii kwa malaki katika nusu ya pili ya karne iliyopita na hata sasa, na kwa kuwa waliziuza kwa watu waliotaka zipige simu kweli, walilazimika kuweka ndani yake vitu vya zama zao. Kisahani cha nambari kina matundu kumi kama yapasavyo, lakini ukitia kidole hakizunguki. Kila tundu ni kitufe cha kubonyeza. Pembeni kimejificha kitufe kingine cha kurudia nambari ya mwisho, anasa ambayo hata mfalme wa mwaka 1900 hakuwa nayo. Nyuma pana tundu la mraba la kuchomekea ile plagi ndogo ya plastiki inayopenya mwanga, ambayo haikuenea duniani kabla ya miaka ya 1970. Na ukiigeuza tumbo juu utakuta kibandiko cha karatasi. Kiwanda cha zamani hakikubandika karatasi mahali ambapo kingeweza kupiga muhuri ndani ya chuma.

Aina ya pili, simu nyeusi, ndiyo yenye elimu kubwa zaidi, na ndiyo ambayo mtu wa Kilosa na Mikumi ana uwezekano wa kuikuta katika hali ya ukweli. Weusi wake si rangi iliyopakwa. Ni weusi wa bakelaiti, kitu kilichobuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mwanakemia wa Kibelgiji aliyehamia Marekani, kwa kuunganisha karboli na fomalini chini ya joto na mgandamizo, kikawa kitu cha kwanza cha jamii ya plastiki kisichotokana na mnyama wala mmea. Bakelaiti ikishaganda haiyeyuki tena. Ni nzito mkononi, ni baridi shavuni, na ikiangushwa sakafuni huvunjika badala ya kudunda. Na ukiisugua kwa dole gumba kwa bidii mpaka ipate moto, hutoa harufu kali ya dawa, kama ya wodi iliyokwisha kusafishwa. Wako wanaoijaribu kwa sindano ya moto. Hao wasikaribishwe ndani ya nyumba, kwa sababu jaribio lao huacha kovu, na kovu hupunguza bei ya kile walichokuja kukithibitisha.

Umbo tulilolizoea, la mwili ulioinuka kwa mabega na kisahani kilicholala mbele, lilichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Jean Heiberg, mchoraji wa Norway, kwa ajili ya Ericsson. Idara ya Posta ya Uingereza ikalichukua mwaka 1937 ikalipa nambari ya ukoo wa mia tatu, na viwanda vya Siemens Brothers huko Woolwich, vya General Electric huko Coventry, na vya Ericsson ya Waingereza huko Beeston, miongoni mwa vingine, vikatengeneza simu za umbo hilo mpaka baada ya vita. Kila kiwanda kiliandika. Chini ya shina la mkonga, pale kidole cha kati kinapopita, utaona nambari 164, nayo ni aina ya mkonga, na kando yake tarakimu mbili za mwaka. Chini ya tumbo utaona aina ya simu, mathalan 332, pamoja na herufi za kiwanda na mwaka. Miaka hii miwili, ya mkonga na ya tumbo, ikipatana, mwili na mkono vimezaliwa pamoja. Ikipishana, fundi fulani mahali fulani alibadilisha kimoja, jambo ambalo si dhambi, kwa sababu simu hizi zilirudishwa karakana, zikasafishwa, zikapewa viungo vya nduguze, zikatolewa tena. Tumboni mwake mna kengele mbili, na katika nyingi mna droo ndogo ya chuma inayotoka mbele, iliyowekwa kwa ajili ya kadi ya nambari.

Nina neno la kuzidi juu ya kisahani, kwa kuwa hapo ndipo wauzaji wanapoharibu zaidi. Kisahani cha kweli kikizungushwa na kuachwa hurudi kwa mwendo wake chenyewe, hakina haraka wala uvivu, kwa kuwa ndani yake mna kidhibiti kinachohakikisha midundo kumi kwa sekunde. Moja ni mdundo mmoja, tisa ni tisa, na sifuri ni kumi, hivyo sifuri huchukua sekunde nzima kurudi nyumbani. Kisahani chenye alfabeti kandokando ya tarakimu kilikuwa cha London na miji mikubwa michache ya Uingereza, ambako majina ya vituo vya simu yalipigwa kwa herufi. Simu ya namna hiyo ikionekana katika kijiji cha miwa, yaelekea ilifika ndani ya sanduku la mtu. Na iko simu isiyo na kisahani kabisa, yenye uso mtupu uliofunikwa kwa bamba jeusi. Hii wauzaji huiita pungufu, wakaitia kisahani cha kuokota ili mnunuzi afurahi, kumbe uso ule mtupu ndio uliokuwa sahihi kwa sehemu kubwa ya nchi hii kwa muda mrefu: ama uliinua mkonga na taa ikawaka mbele ya opereta, ama ulikoroga mkono wa ubavuni na kifuniko kidogo kikaanguka kwenye ubao wake, kisha ukamwambia kwa kinywa unamtaka nani, naye akakuunganisha, akakwambia subiri, au akakwambia huyo bwana amekwenda Morogoro tangu jana. Mimi nikiwekewa simu mbili, yenye kisahani cha kubandikwa na yenye uso mtupu wa asili, sisiti hata kidogo.

Hapa nafikia jambo ambalo wapenda vitu vya kale hulipita upesi, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Simu ile nyeusi, kwa kawaida, haikuuzwa kamwe. Tangu huduma za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipounganishwa mwaka 1933, utaratibu uliofuatwa ulikuwa ule wa London, kwamba chombo ni mali ya idara na mteja ni mtu wa ijara: alilipia laini, akalipia mazungumzo, akalipia hata kule kuwa na chombo mezani pake, na alipohama au aliposhindwa kulipa, fundi alikuja na bisibisi akakichukua. Idara ikawa shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki baada ya mkataba wa mwaka 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabeba waya zake, na hapa kwetu likasimama Shirika la Posta na Simu. Mwaka 1994 shirika hilo nalo likagawanywa, simu zikaangukia kwa TTCL. Katika mapitio yote hayo chombo kilihama kutoka daftari hadi daftari bila ya kupita juu ya kaunta ya duka hata mara moja. Mashamba makubwa yalikuwa na desturi yao, yaani swichibodi ya ndani ambayo kampuni yaweza kuwa iliinunua yenyewe; lakini mtumishi hakununua. Tazama jinsi miliki ilivyozunguka katika bonde hili: kampuni ya sukari ya Kilombero ikaanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kiwanda cha Msolwa, ng'ambo ya mto, ikawa ya umma kabla muongo huo haujakwisha, ikaongeza kiwanda cha pili upande huu wa Ruhembe katika miaka ya 1970, na mwaka 1998 hisa zake nyingi zikanunuliwa na Illovo ya Afrika Kusini. Karani aliyekaa meza moja muda wote huo angekuwa amepokea simu moja kwa niaba ya mabwana watatu, na hakuna hata siku moja ambayo simu ingekuwa yake.

Matokeo yake ni ya kuchekesha kwa anayependa kucheka taratibu. Simu ya kuigiza ina stakabadhi: imeandikwa jina la duka, tarehe, bei na kodi. Simu ya kweli haina. Mwenye pambo la uongo analo kwa haki timilifu, na mwenye pambo la kweli hana cha kuonyesha ila maneno, kwamba ofisi ilipobadilisha mitambo chombo kiliwekwa stoo, kwamba stoo ilipojaa mkubwa alisema chukueni, kwamba mwingine angekitupa. Sisemi kwamba ni wizi. Nyingi ya simu hizi ziliokolewa na watu waliozipenda wakati ambapo wenye nazo walikuwa wamezichoka. Ila soko la ulimwengu, ambalo hupenda kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kutoa fedha kubwa, huliona pengo lile mara moja, nalo hulitoza.

Mzee mmoja wa Ruhembe, aliyekuwa karani wa ghala katika ofisi moja ya eneo lile, alikuwa nazo zote mbili juu ya kabati moja. Ya shaba aliletewa na mwanawe kutoka Kariakoo siku ya kustaafu. Nyeusi ilikuwapo kabla yake. Aliniomba nimwambie thamani, nami nikaomba kwanza nitazame, akanisogezea kigoda karibu na dirisha. Ya shaba ilikuwa na vitufe ndani ya matundu na kibandiko tumboni, haikunichukua muda. Nyeusi niliishika kwa mikono miwili kwa sababu ya uzito wake. Mkonga ulikuwa na 164 na 57, tumbo lilikuwa na 332. Mng'ao wa bakelaiti ulikuwa umekufa upande mmoja tu wa shina, pale kiganja cha kushoto kinaposhika, kwa kuwa mtu wa ghala huandika kwa mkono wa kulia huku akisikiliza. Mdomo wa mkonga ulikuwa na ufa mwembamba uliotiwa gundi. Na katika kisahani, ukingo wa tundu la 2 ulikuwa umelainika kuliko mengine yote.

"Nambari za ndani zote zilianza na mbili," mzee akaniambia. "Yangu ilikuwa ishirini na saba."

Kweli, katikati ya kisahani, chini ya kioo kidogo kilichogeuka rangi ya chai, 27 ilikuwapo kwa wino wa kalamu. Nikamuuliza kama ilikuwa ikisikika vizuri. Akasema wakati wa masika sauti ilikuwa ikizama, ndipo akawa anaugonga mkonga mara mbili juu ya kiganja, na sauti ikarudi; hakujua sababu, bali alijua dawa. Sababu ni kwamba ndani ya mdomo wa mkonga mna kijaluba cha punje za makaa, nazo ndizo zinazoigeuza sauti kuwa umeme kwa kubanwa na kuachiliwa, na unyevu ukizishikanisha hazichezi tena; kuzigonga ni kuzitenganisha. Makarani wengi wa Afrika Mashariki walikuwa mafundi wa punje zile bila ya kuambiwa zipo.

Tukiwa katika mazungumzo hayo kijana mmoja mnunuzi wa chuma chakavu alisimamisha baiskeli yake mlangoni, na mizani yake ikining'inia.

"Shikamoo, mzee wangu. Hiyo nyeusi bado hujaniamulia. Ndani ina shaba ile, tunapima leo leo."

"Marahaba, kijana wangu. Leo pima lile sufuria lililotoboka. Hii ina mgeni."

Kijana hakuwa mjinga. Ndani ya simu mna kengele, na mna koili za waya mwembamba wa shaba, na shaba ina bei yake inayojulikana toka Kidodi hadi bandarini. Ni hamu hiyo hiyo ya shaba iliyoziteremsha waya za simu kutoka kwenye nguzo katika sehemu nyingi za nchi. Kwa mizani yake, simu hizi mbili hazipishani sana, na pengine ile ya kuigiza ingeishinda nyenzake. Hiyo ndiyo bei ya kwanza ambayo simu yoyote inayo, na haina haja ya nasaba.

Bei ya pili ni ya wapamba nyumba na mahoteli, ambao hununua kwa jicho. Hawa hupenda nyeusi ing'ae na shaba iwake, na huko Dar es Salaam na Zanzibar nimeziona simu za namna hii zilizotobolewa tumbo zikageuzwa taa za mezani, kazi ambayo sina neno jema la kuisemea. Bei yao hupanda na kushuka kwa ufasaha wa dalali. Bei ya tatu ni ya wakusanyaji, ambao wengi wako Ulaya, na wao hununua kwa alama: huko Uingereza nyeusi ya ukoo huu iliyokarabatiwa ikafanya kazi huuzwa aghalabu kati ya paundi 100 na 300, isiyokarabatiwa huwa chini ya hapo, na ya rangi ya kijani, iliyotengenezwa kwa uchache, huwa mara kadhaa zaidi. Aliye Ruhembe asizipigie hesabu paundi hizo kana kwamba zimo mfukoni, kwa kuwa kuna usafirishaji wa kitu kizito kinachovunjika, na huko kiendako wako wenzake maelfu. Nyeusi si adimu. Ilitengenezwa iwe nyingi, na ilikuwa nyingi.

Nikamweleza mzee vilevile kwamba sheria ya nchi haitamzuia wala haitamlinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvihesabu vitu vya kuhamishika kuwa vya kale vikiwa vimetengenezwa kabla ya mwaka 1863, na Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1876. Hivyo hakuna simu ya namna hii inayoweza kuingia katika hesabu ile, hata kama ingekutwa imezikwa Kilwa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta ile droo ndogo ya chuma iliyo chini ya kisahani. Nilidhani atanionyesha kadi ya nambari. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, manjano katika mikunjo, nayo ilikuwa hati ya kupita getini: simu moja, mbovu, imetolewa kwa mfanyakazi, jina lake, sahihi ya mkuu wa idara, sahihi ya mlinzi, na muhuri wa mviringo uliofifia. Aliitunza, alisema, kwa kuwa alikuwa mtu wa ghala na hakupata kutoa hata misumari pasi na karatasi, seuze simu. Nikamwambia kweli, kwamba karatasi ile imeibadilisha simu yake mbele ya mkusanyaji yeyote mwenye akili, maana sasa inajulikana iliondoka wapi, kwa idhini ya nani, na nambari 27 ilikuwa meza ya nani. Na kwamba wako wanaozisafisha simu kwa dawa ya kung'arishia mpaka alama ya kiganja itoweke na wino wa katikati ufutike, wakidhani wanaongeza, nao wanaiondoa sehemu pekee ambayo kiwanda cha Uingereza hakikuitengeneza. Asiguse ule upande uliokufa mng'ao. Afute masizi kwa kitambaa kikavu, basi.

"Mnunuzi akija nitaje ngapi?"

Nilimtajia kiasi ambacho kwangu kilikuwa cha haki, nikamwambia asishuke chini ya nusu yake, na karatasi isitoke mkononi mwake kabla ya fedha kuingia. Akafikiri kidogo. Akaniuliza kama mtu anaweza kuacha simu katika wosia, au vitu vya wosia ni shamba na nyumba tu. Nikasema chochote kilicho chake chaweza kuachwa, na hiki, kwa karatasi ile, ni chake. Basi akaleta daftari la mistari na kalamu, akanipa mimi niandike kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka, naye akayatamka maneno kwa sauti ya ghalani, kitu kwanza, sifa baadaye: simu moja, nyeusi, ya bakelaiti, aina ya 332, mkonga wa mwaka 1957, una ufa mdomoni, nambari ya ndani ishirini na saba, haifanyi kazi, hati yake imo ndani ya droo yake, apewe mjukuu wa kwanza wa kike, asiiuze kwa kilo.

Bibi, aliyekuwa akitusikiliza kutoka uani huku akipepeta mchele, akauliza kama ile ya shaba nayo iandikwe.

"Hiyo haina haja," mzee akamjibu. "Hiyo ina risiti yake."